Meksiko si kofia moja



Majuzi binti yangu wa gredi ya sita alirudi nyumbani na karatasi. Shuleni kwao kutakuwa na siku ya utamaduni. Kila darasa limepewa nchi ya kuonyesha, na wao wakaangukiwa na Meksiko. Mwalimu ameandika vitu vya kutayarisha: kofia pana, gauni la rangi nyingi, masharubu ya kuchorwa kwa makaa, na "ngoma ya kofia". Binti akaniuliza, "Baba, hii ngoma ya kofia ni ya kabila gani huko?"

Nilikaa kimya. Kwa mtoto wa pwani swali hilo ni la kawaida. Anajua ngoma ina wenyewe. Akisikia sengenya anajua ni Wadigo, akisikia gonda anajua ni Wagiriama, akisikia pembe za vugo zinagongwa mtaani anajua kuna bibi harusi. Hajapata kuona ngoma ya nchi nzima. Mbona basi Meksiko, nchi yenye watu zaidi ya milioni mia na ishirini, iwe na ngoma moja na kofia moja?

Mimi si mwanamuziki. Diploma yangu ni ya utalii, na habari za Meksiko nilizokuwa nazo ni zile za tamthilia ambazo mama zetu walikuwa wakizililia jioni. Lakini swali lilinikaa, nikatafuta, nikasoma, nikatazama. Niliyoyapata yamenirudisha mpaka kwenye jambo langu mwenyewe la miaka ishirini iliyopita, nitalieleza mwisho. Kwanza twende Meksiko.

Kofia inatoka wapi

Ile ngoma ya kofia jina lake ni jarabe tapatío. Neno "tapatío" maana yake ni mtu au kitu cha Guadalajara, mji mkuu wa jimbo la Jalisco, upande wa magharibi. Kwa hivyo jina lenyewe linatamka kwao ni wapi, sawa na mtu kusema "ya Kimvita". Ni ngoma ya kuchumbiana. Mwanamume anamzunguka mwanamke, huyu anajidai hamwoni, mwisho mwanamume anatupa kofia yake chini, mwanamke anacheza akiizunguka ukingoni, kisha anainama kuiokota. Akiiokota amekubali.

Zamani jarabe hazikuwa na heshima yoyote mbele ya wakubwa. Mwaka 1802, Meksiko ikiwa bado koloni la Uhispania, mtawala aliyemwakilisha mfalme alipiga marufuku jarabe moja kwa madai ya kwamba inavunja maadili. Uhuru ulipopatikana mwaka 1821, jarabe hizo hizo zikawa alama ya wananchi. Mwaka 1919 mcheza balei mashuhuri wa Urusi, Anna Pavlova, alizuru Meksiko akaicheza tapatío kwa ncha za vidole, watu wakapagawa. Baada ya Mapinduzi yaliyoanza 1910, serikali mpya ilikuwa inatafuta kitu cha kuwaunganisha watu waliotoka kwenye vita. Wizara ya elimu, iliyoundwa 1921, ikaipeleka jarabe tapatío kwenye shule za nchi nzima. Watoto wa kaskazini jangwani na watoto wa kusini msituni wakafundishwa ngoma ya Jalisco kuwa ndiyo yao. Hapo ndipo ngoma ya mahali pamoja ilipogeuzwa ngoma ya taifa, na karatasi ya mwalimu wa binti yangu ni mtoto wa uamuzi ule.

Lile gauni nalo lina hadithi ambayo sisi watu wa Bahari ya Hindi tunafaa kuijua. Linaitwa china poblana, yaani "Mchina wa Puebla". Wenyeji wa mji wa Puebla walilihusisha na mwanamke mmoja, Catarina de San Juan. Hakuwa Mchina. Alizaliwa India, akatekwa angali msichana, Wareno wakampitisha Cochin, akauzwa Manila, akavushwa bahari ya Pasifiki hadi Acapulco, akawa mtumwa Puebla. Huko aliishi mpaka akafariki mwaka 1688, watu wakimwona mcha Mungu. Wanahistoria wanasema gauni lenyewe ni la karne ya 19, halina uhusiano naye. Lakini watu walikumbuka kuwa palikuwa na mwanamke wa mbali, wakamvisha nguo ambayo hakuivaa. Kumbukumbu nayo ina ushonaji wake.

Hesabu ya sita

Ukitaka kuelewa muziki wa mashambani wa Meksiko, anza na neno moja: son. Hili ni jina la muziki wa kupigwa, kuimbwa na kuchezwa kwa pamoja, na kila eneo lina son yake. Yapo ya Jalisco, ya Huasteca, ya Veracruz na mengine mengi. Vyombo vinatofautiana, sauti zinatofautiana, hata mavazi. Kinachoyaunganisha ni hesabu.

Kaa chini upige paja lako. Hesabu sita, ukikaza moja na nne: MOJA mbili tatu NNE tano sita. Sasa hesabu sita hizo hizo ukikaza moja, tatu na tano: MOJA mbili TATU nne TANO sita. Son inachanganya hesabu hizi mbili kwa wakati mmoja. Chombo kimoja kinakwenda kwa mbili, kingine kwa tatu, na miguu ya mchezaji inaruka kutoka huku kwenda kule. Aliyekulia karibu na chakacha hahitaji kuambiwa mara mbili, maana nasi tunaihesabu sita yetu tukiwa hatujui kama tunahesabu.

Mizizi ni mitatu. Wenyeji wa asili walikuwa na ngoma zao kabla ya Wahispania kuuteka mji wao mkuu mwaka 1521, na nyingine zingali hai. Wayaqui wa kaskazini magharibi wana ngoma ya paa: mchezaji anafunga kichwa cha paa juu ya kichwa chake, huku kibuyu kilichogeuzwa kikielea ndani ya maji kinapigwa kama ngoma. Mzizi wa pili ni Uhispania, iliyoleta magita, fidla, vinubi na mashairi ya kupangwa kwa vina. Wa tatu ni Afrika, na huo ndio uliosahauliwa kwa makusudi. Nitaurudia.

Ndani ya huo mzizi wa Uhispania umo mzizi wetu. Waislamu walikaa Uhispania kwa karibu miaka 800, mpaka Granada ikaanguka mwaka 1492. Udi wetu wa taarabu ni ndugu wa laúd ya Wahispania, na hata jina ni lile lile, al-ud. Mmeksiko akitamani jambo liwe husema "ojalá", neno linalotokana na Kiarabu cha "Mungu akipenda". Wahispania walileta pia ngoma ya kuigiza vita vya Wamoro na Wakristo. Kule Zacatecas, kila mwisho wa Agosti, maelfu ya watu wanavaa nguo za vita na kupigana vita hivyo upya vilimani. Nilipoitazama video yake nilicheka mwenyewe. Waislamu wa mchezo huo wanavaa vizuri sana, wanapiga baragumu vizuri sana, na kila mwaka wanashindwa. Lakini wanaocheza upande huo wanarithishana nafasi zao, baba kwa mwana, na wanaona fahari. Ngoma ikikaa mahali miaka mingi, inakuwa ya wale wanaoibeba.

Mzunguko wa haraka

Mariachi ndio wanaojulikana zaidi. Kwao ni Jalisco na majimbo jirani. Zamani walikuwa wakulima waliovaa nguo nyeupe za pamba na makubadhi, wakipiga fidla, kinubi, na magita mawili ya kwao: vihuela, dogo lenye mgongo uliobinuka, na guitarrón, kubwa lenye tumbo la kutoa sauti nzito. Tarumbeta hazikuwemo. Ziliingia wakati wa redio na sinema, kuanzia miaka ya 1930, kwa sababu sauti yake kali ilipenya vizuri kwenye redio. Nguo za wapanda farasi matajiri, zenye vifungo vya fedha, nazo zikaja na umaarufu huo. Mwaka 2011 UNESCO iliuingiza muziki wa mariachi katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kuna hadithi imesambaa kwamba "mariachi" ni neno la Kifaransa la harusi, eti lilibaki baada ya jeshi la Ufaransa kuivamia Meksiko mwaka 1862. Imekanushwa na barua moja. Mwaka 1852, miaka kumi kabla ya Wafaransa, padri wa Rosamorada alimwandikia askofu wake akilalamika juu ya mikusanyiko ya ulevi, kamari na fujo ambayo wenyeji waliiita "mariachis". Padri alitaka kuukomesha muziki, badala yake akatuhifadhia ushahidi wa jina lake. Malalamiko ya wakubwa mara nyingi ndiyo daftari pekee la mambo ya wanyonge.

Ukipanda kaskazini mashariki unafika Huasteca, eneo linalogusa majimbo sita. Huko son inaitwa huapango. Wapigaji ni watatu: fidla, gita dogo na gita kubwa. Mwimbaji anairusha sauti ghafla juu kabisa, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, kisha anaishusha. Wachezaji wana adabu moja niliyoipenda. Mwimbaji akiimba, wanakanyaga kwa upole ili maneno yasikike. Akinyamaza, wanagonga mbao kwa nguvu.

Kaskazini zaidi, karibu na Marekani, utasikia akodiani na polka, vitu vilivyoletwa na wahamiaji wa Ulaya ya kati katika karne ya 19. Kusini mashariki, Yucatán, wanawake huvaa nguo nyeupe zilizotariziwa maua, na mcheza jarana hodari huweka sinia yenye chupa na bilauri kichwani asimwage hata tone. Katikati ya muziki mtu hupaza sauti "Bomba!" Wapigaji wananyamaza, mmoja anatoa shairi la kumsifu au kumtania mwenzake, muziki unaendelea. Malenga wetu wasingepotea pale.

Na kule Michoacán, kando ya ziwa Pátzcuaro, vijana huvaa vinyago vya wazee, wakashika bakora na kuinama viuno kama wenye maumivu, kisha ghafla wanagonga chini viatu vya mbao kwa kasi ambayo mzee hana.

Mbao za Veracruz

Nimekuja mahali nilipokaa zaidi. Veracruz ni bandari ya Ghuba ya Meksiko, mlango wa Wahispania, na mlango wa Waafrika waliofungwa minyororo. Zaidi ya laki moja waliletwa Meksiko enzi za ukoloni, wengi wakipitia hapo. Baadhi walitoroka. Mmoja wao, Gaspar Yanga, aliishi na watu wake milimani kwa miaka mingi. Wahispania walimpelekea jeshi mwaka 1609, mwisho wakakubali watu wake wawe na mji wao huru. Mji huo leo unaitwa Yanga.

Katika bandari hiyo, mwaka 1766, ulifika muziki kutoka Havana unaoitwa chuchumbé. Ulichezwa na mabaharia, askari na watu weusi na machotara wa mitaa ya kimaskini, tena kwa kukaribiana tumbo kwa tumbo. Mashairi yake yaliwadhihaki makasisi. Baraza la Kanisa lililochunguza imani za watu lilipokea mashtaka, likaupiga marufuku. Hukumu ilikaa kwenye makabati. Muziki ulikwenda mashambani, ukachanganyika na mwingine, ukawa son jarocho.

Chombo chake kikuu ni jarana, gita dogo linalochongwa kutoka kipande kimoja cha mti wa mwerezi, kama tunavyochonga dau. Lingine hutoa wimbo kwa kuchokolewa na kijiti kirefu cha pembe ya ng'ombe. Kuna kinubi. Kuna pia taya la punda au farasi lililokaushwa mpaka meno yakacheza ndani ya mifupa. Ukiligonga meno yanalia, ukiyakwaruza kwa kijiti yanaitika. Sisi tunaogonga pembe kwa vijiti katika vugo hatuna haki ya kushangaa.

Lakini chombo kikubwa kuliko vyote ni sakafu. Wanaiita tarima: jukwaa dogo la mbao, lenye uwazi chini ili litoe sauti. Linawekwa katikati ya uwanja, wapigaji wanasimama kandoni, na miguu ya wachezaji ndiyo ngoma. Mkusanyiko huo huitwa fandango, na huweza kwenda mpaka alfajiri. Kwa desturi huanza na son iitwayo El Siquisirí, ya kuwasalimu watu na kuomba ruhusa. Zipo sones za wanawake peke yao, wanaopanda wawili wawili na kupokezana, na zipo za mume na mke. Mwimbaji anatoa ubeti, mwingine anamjibu, na mashairi mengi hubuniwa papo hapo. Hakuna tikiti wala viti vya watazamaji. Bibi wa miaka sabini anapanda, mjukuu wa miaka saba anapanda baada yake. Asiyejua anasimama nyuma akiiga mpaka ajue.

Wimbo mmoja wa huko unaujua hata kama hujui kuwa unaujua: La Bamba. Katika mchezo wake, mume na mke huutandaza utepe mrefu sakafuni na kuufunga fundo kwa miguu, bila mkono kugusa. Miguel Alemán, mzaliwa wa Veracruz, aliutumia katika kampeni zake za urais, akashinda mwaka 1946. Mwaka 1958 kijana wa Kalifornia mwenye wazazi wa asili ya Meksiko, Ritchie Valens, akaupiga kwa gita la umeme ukazunguka dunia.

Umaarufu ulikuwa na bei yake. Wapigaji walioitwa mjini kwenye redio, sinema na mikahawa walivalishwa suti nyeupe, nyimbo zikaongezwa kasi, zikafupishwa ziingie kwenye sahani, na mashairi ya papo hapo yakageuzwa maneno yale yale kila siku. Watu wa mashambani wakaanza kuona aibu na jarana zao za polepole. Ikafika miaka ya 1970, fandango zimebaki chache vijijini, wazee wanakufa na nyimbo zao. Hapo ilikuwepo La Bamba kila mahali duniani, na tarima karibu hakuna.

Kilichotokea baadaye ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Mwaka 1977 vijana wachache waliunda kundi la Mono Blanco. Wakamfuata mzee mmoja mkulima na mshairi, Arcadio Hidalgo, aliyezaliwa 1893, wakapiga pamoja naye. Walikwenda vijiji kwa vijiji wakiuliza nani bado anajua kuchonga jarana, nani anakumbuka beti, wakawafundisha watoto. Mwaka 1979 kwenye mji wa Tlacotalpan, kando ya mto Papaloapan, ulianza mkutano wa wapiga jarana wakati wa sherehe ya mwanzo wa Februari, na haujakoma. Walirudisha mbao uwanjani wakawaambia watu wapande.

Leo fandango zinachezwa mpaka Los Angeles na Chicago. Mwaka 2008 wapiga jarana walianza kukutana kwenye ua wa mpaka kati ya Tijuana na San Diego, wengine upande huu na wengine upande ule. Vyuma vilikuwa katikati, wimbo ulikuwa mmoja. Aliyeimba upande wa Meksiko alijibiwa na mtu wa upande wa Marekani.

Pwani iliyosahauliwa

Upande wa pili, kwenye bahari ya Pasifiki, kuna Costa Chica, "pwani ndogo", katika majimbo ya Guerrero na Oaxaca. Humo wanaishi watu weusi, vizazi vya watumwa. Guerrero limepewa jina la Vicente Guerrero, rais mwenye asili ya Kiafrika aliyefuta utumwa mwaka 1829. Hata hivyo kwa karibu miaka mia mbili baadaye wananchi hawa hawakuhesabiwa. Vitabu vya shule vilisema Mmeksiko ni mchanganyiko wa Mhispania na mwenyeji wa asili, basi.

Ngoma zao zilisema vingine. Siku za kuwakumbuka wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, wanaume hutoka na ngoma ya mashetani: vinyago vyenye pembe na ndevu za singa za farasi, nguo zilizochakaa, miguu ikigonga ardhi kwa pamoja. Muziki wake ni kinanda cha mdomo, taya la punda, na kibuyu kilichowambwa ngozi chenye kijiti kilichopakwa nta. Kijiti kikisuguliwa, kibuyu kinanguruma kama chui. Kuna pia artesa, hori kubwa la mti lililochongwa umbo la farasi au ng'ombe, linapinduliwa na kuchezewa juu yake kwa miguu mitupu. Katika vijiji viwili, San Nicolás na El Ciruelo, wazee waliihifadhi.

Wengi wa mababu zao walitoka Afrika magharibi na Kongo. Lakini wachache walitoka upande wetu. Wareno walichukua watu pwani ya Msumbiji, wakawapeleka Goa na Manila, na majahazi ya Uhispania yakawavusha hadi Acapulco, njia ile ile aliyopitishwa Catarina. Kwenye hati waliitwa "cafres", neno lililotokana na Kiarabu cha "makafiri". Leo Meksiko "cafre" ni dereva anayeendesha ovyo. Ndugu zangu wa matatu mkitukanwa huko, mjue tusi limetoka mbali.

Mwaka 2019 katiba ya Meksiko ilibadilishwa ili kuwatambua raia wenye asili ya Kiafrika. Katika sensa ya 2020 watu zaidi ya milioni mbili na nusu walijitaja hivyo. Karatasi ilichelewa, ngoma ilikuwa imeshasema.

Jukwaa na uwanja

Sasa nirudi kwenye swali la jukwaa. Mwaka 1952 Amalia Hernández alianzisha kundi lililokuja kuitwa Ballet Folklórico de México. Alichukua ngoma za majimbo, akazipanga upya kwa taa, mistari iliyonyooka na sketi zinazopaa pamoja kama mawimbi. Kundi lake limecheza katika ukumbi mkubwa wa Bellas Artes tangu 1959 na kuzunguka dunia. Wapo wanaomlaumu kwamba alizipamba mno. Mimi simlaumu. Bila yeye, Wameksiko wengi wa mjini wasingejua kuna Huasteca wala Veracruz. Ila jukwaa linaonyesha sura ya ngoma tu. Adabu yake, zamu zake, na nani anamwambia nani apande, vinabaki nyumbani.

Mfano mwingine uko Oaxaca. Kila Julai, kwa Jumatatu mbili, maeneo ya jimbo hilo hukusanyika mlimani kwenye tamasha la Guelaguetza. Neno hilo ni la Wazapoteki, maana yake ni kupeana kwa zamu: leo nakusaidia harusi yako, kesho unanisaidia yangu. Ngoma inayoshangiliwa sana ni ya mananasi, wasichana wa Tuxtepec kwa safu, kila mmoja na nanasi begani. Ilibuniwa mwaka 1958 na mwalimu mmoja kwa ombi la serikali ya jimbo, kwa kuwa ngoma waliyokuwa wakiileta awali ilifanana na ya Veracruz. Leo, baada ya zaidi ya miaka sitini, kwa wasichana wale ni yao kweli. Kwa hivyo sisemi kipya ni uongo na cha kale ni kweli. Nasema tuulize: wenyewe wanaicheza wakati mgeni hayupo?

Pembe ya bibi

Niliahidi jambo langu. Nilipomaliza diploma nilipata kazi hoteli moja ya ufuoni. Kila Ijumaa palikuwa na usiku wa ngoma za Waswahili, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaita akina mama na kupanga muda. Meneja aliniambia wageni wanachoka, ngoma isipite dakika kumi na mbili. Nikaenda kuwaambia. Kiongozi wao, mwanamke aliyekuwa rafiki ya marehemu bibi yangu, alinitazama akasema, "Mwanangu, mwanzo umeukata, mwisho umeukata. Sasa hapo katikati tunamcheza nani?"

Nilicheka, nikadhani ni utani. Walicheza dakika kumi na mbili, wakapigiwa makofi, wakapewa nauli. Wiki baada ya wiki. Miaka ikapita, mama yule akafariki, hoteli nayo ikabadilisha burudani. Bibi yangu aliacha pembe yake ya vugo, iko kabatini kwetu. Mke wangu hajui kuigonga, dada zangu hawajui, binti yangu alikuwa hajaigusa. Mimi mwenyewe nilikuwa na nafasi ya kuwasikiliza wanaojua kila Ijumaa kwa miaka mitatu, nikawa natazama saa.

Ndiyo maana nilipofika kwa vijana wa 1977 nilisimama. Hawakuomba ruzuku kwanza, wala hawakusubiri UNESCO. Walimtafuta mzee angali hai, wakaweka mbao chini.

Binti yangu atavaa kofia siku ya utamaduni, sitamnyima furaha yake. Ila ameandika mistari ya kusoma kabla ya kucheza, kwamba hii ni ngoma ya Jalisco, na kwamba Meksiko ina nyingine nyingi, nyingine za watu weusi wa pwani kama sisi. Mwalimu amekubali, Mungu amjalie.

Na Jumapili iliyopita tulikwenda naye Mji wa Kale kwa mama mmoja mzee, jirani wa zamani wa bibi. Tulibeba pembe ndani ya leso. Yule mama aliifungua, akaigeuza, akauliza kijiti kiko wapi. Hatukuwa nacho. Akainuka polepole, akaingia jikoni, akarudi na mwiko.